Mita inasema dayodi nzima, bodi inasema mbovu: tutafute inapojificha

Wakuu, dayodi, kile kidude kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, ni moja ya vitu vya bei ya chini kabisa kwenye bodi na ndo maana wengi tunaibadilisha bila kuiuliza chochote. Imeungua, toa, weka nyingine, washa, chukua hela. Baada ya muda mteja anarudi kutoka Mbagala na redio yake kwenye kiroba, dayodi ileile, mahali palepale. Mimi ninachosema ni hiki: dayodi ina hali tatu, na inaweza kuwa mgonjwa kwenye moja huku zile mbili inaonekana iko fiti kabisa. Mita yako inaipima hali moja na nusu tu, hiyo nyingine na nusu lazima uitafute kwa akili.

Hali ya kwanza ni fowadi, yaani chanya umeweka anodi na hasi umeweka kathodi, ule upande wenye mstari. Ndani kuna vipande viwili vya silikoni, kimoja kinaitwa P na kingine N, na pale vinapokutana kuna eneo jembamba lisilo na chaji za kutembea, sasa ukisukuma kwa fowadi hilo eneo linazidi kuwa jembamba mpaka mkondo unapita. Silikoni ya kawaida inaanza kupitisha vizuri kwenye volti 0.6 hadi 0.7, Schottky, ile aina ya kasi inayokula volti kidogo, 0.2 hadi 0.4, LED nyekundu kama 2, nyeupe kama 3. Ni kama nauli ya daladala, ushuke kituo cha pili au mwisho wa gari unalipa karibu ileile. Nasema karibu kwa sababu inapanda kidogo kidogo: mkondo ukiongezeka mara 10 volti inaongezeka kama 0.06 hadi 0.12, kwahiyo 1N4007, ile ya kawaida ya ampea 1, ambayo mita inakusomea 0.55 hivi kwa milliampea 1, ukiipa ampea 1 nzima utaikuta 0.9 na kitu. Hiyo sio ugonjwa, ndo ilivyo.

Hali ya pili ni rivasi. Umegeuza, chanya iko kwenye mstari, lile eneo la katikati linapanuka na mkondo unakataa. Ila haukatai kabisa, kuna kiasi kidogo kinavuja na kwa silikoni nzuri ni kidogo hata mita ya kawaida haioni. Shida yake ni joto, kila nyuzi 10 zikiongezeka mvujo unakuwa kama mara mbili. Kumbuka hapo, tutarudi.

Hali ya tatu ni pale volti ya rivasi inapozidi uwezo wake, ukuta unavunjika na mkondo unapita kwa fujo. Dayodi ya kawaida ikifika hapo bila kitu cha kuzuia mkondo imekwisha. Zener yenyewe imetengenezwa iishi hukohuko, kwake ndo kazini.

Kupima kwanza, na mita inavyodanganya

Zima, chomoa, toa chaji ya kapasita kubwa. Pawasaplai za siku hizi ambazo hazina transfoma kubwa ya chuma mbele, ile kapasita ya mwanzo inakaa na volti kama 325 za DC, mana 230 ya TANESCO ndo namba inayosomeka kwenye mita lakini kilele chake ni 230 mara 1.414. Itoe chaji kwa rezista ya kilo-ohm chache yenye wati za kutosha, usipige bisibisi, ile cheche inaumiza kapasita na inaweza kukuumiza wewe.

Halafu weka mita kwenye alama ya dayodi. Mita ya dijitali waya mwekundu ndo chanya. Ila kama bado unatumia ile ya mshale, wengi wanasahau hii, kwenye ohm ule waya mweusi ndo unatoa chanya, kwahiyo utaiona dayodi nzima ukasema imechapwa mstari upande usio sahihi.

Ukisoma 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na OL (yaani mkondo haupiti) upande wa pili, dayodi imefaulu mtihani wa kwanza, haijafaulu yote. Sifuri pande zote ni shoti. OL pande zote imekata. Namba pande zote, hapo usikimbilie kuihukumu, toa mguu mmoja kwenye bodi upime upya, mana mkondo wa mita unapita kwingine. Ukiona namba inapanda taratibu hiyo ni kapasita inajaa, dayodi hujaipima bado.

Sasa kuna mtego mmoja kwenye briji, zile dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC, ambao naona unawapoteza hata mafundi wazoefu. Ukipima briji ikiwa bado imeunganishwa na transfoma, dayodi iliyokata itasoma nzima. Kwa nini? Waya wa transfoma una ohm kidogo sana, kwahiyo mkondo wa mita ukikuta dayodi ya kwanza imekata unapitia kwenye koili unatokea upande wa pili unapita kwenye dayodi mwenzake, wewe unasoma 0.6 yako unafurahi. Na ikiwa moja imepiga shoti zitasoma shoti mbili. Chomoa waya mmoja wa transfoma kwanza. Ni kazi ya sekunde chache ya solda na inaokoa siku nzima.

Na ile "nusu" niliyosema: mita kwenye rivasi inatoa volti kama 3 tu, mara nyingi chini ya hapo. Dayodi inayofanya kazi kwenye volti 300 unaipima rivasi kwa volti 3, unategemea ikwambie nini?

Fyuzi inakata palepale unapowasha

Hii mara nyingi ni shoti kwenye briji. Moja ikipiga shoti, nusu ya mzunguko wa umeme mwenzake mzima anakuwa fowadi moja kwa moja juu ya transfoma bila mzigo wowote katikati, kwahiyo fyuzi ikichelewa na yule mzima anakufa. Ndo maana ukikuta moja imekufa badilisha zote nne, hata hizo zinazosoma vizuri zinaweza kuwa zimeshaumia, gharama ni ndogo mno kubahatisha. Na ukiwasha mara ya kwanza baada ya kubadilisha weka balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, mfululizo na njia ya umeme. Ikiwaka kidogo ikazima, hapo ni vizuri, ikiwaka kabisa ikabaki hivyo bado kuna shoti, na hujaunguza kitu.

Lakini swali lenyewe ni kwa nini ilipiga shoti. Angalia mambo mawili.

La kwanza ni rivasi kuzidi. Kuna saketi ndogo zinatumia dayodi moja tu na kapasita moja kwa moja toka 230. Watu wanapiga hesabu, kilele ni 325, naweka 1N4004 ya volti 400 inatosha. Haitoshi. Ile nusu ya mzunguko ambayo dayodi iko rivasi, kapasita upande mmoja imekaa na 325 zake na umeme upande wa pili umeshuka mpaka hasi 325, dayodi katikati inabeba jumla yake, 650. Hapo 1N4007 ya volti 1000 ndo inakaa. Kwenye briji kila dayodi inabeba kama 325 tu, ila bado 1000 ni bora, mana umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, na mtaani kwetu tunaujua unavyorudi, friji na mota za majirani zinaamka pamoja na kuna vilele vinapita juu ya hizo hesabu zote. Bei ya 1N4004 na 1N4007 haitofautiani cha kukufanya uchague ndogo.

La pili liko kwenye fowadi, na hili ni la watu wa amplifaya na sabufa. Mteja anataka besi nzito, fundi anatoa kapasita ya mikrofaradi 2200 anaweka 10000, anaziacha dayodi zilezile za ampea 1. Kapasita tupu ikiwashwa ni kama shoti kwa muda mfupi, na dayodi zote ziko fowadi zinaijaza. 1N4007 inavumilia kishindo cha ampea 30 mara moja kwa milisekunde 8.3, basi. Kila ukiwasha unaitandika, na siku moja inakubali kushindwa. Ukiongeza kapasita ongeza dayodi, 1N5408 ya ampea 3 au briji kubwa ya KBPC3510 ambayo ni ampea 35, na uifunge kwenye bati la kupozea.

Spika inaunguruma, volti ziko chini kidogo

Hapa kuna washukiwa wawili na wengi wanamkamata kapasita bila kesi. Kweli kapasita iliyokauka ni sababu ya mara nyingi zaidi, ila dayodi iliyokata kwenye briji inatoa dalili inayofanana. Tofauti unaweza kuisikia: briji nzima inajaza kapasita mara 100 kwa sekunde, kwahiyo mngurumo wa kapasita mbovu ni wa 100. Dayodi moja ikikata nusu ya mzunguko inapotea, kapasita inajazwa mara 50 tu, mngurumo unakuwa mnene zaidi, wa chini.

Kwa hesabu: mzigo wa ampea 1 na mikrofaradi 2200, volti zinazopanda na kushuka juu ya kapasita ni kama 4.5 briji ikiwa nzima. Dayodi ikikata ni kama 9. Kwenye transfoma ya volti 12, kilele ni kama 17, toa 1.4 za dayodi mbili unabaki na 15.5, sasa ukiondoa 9 hapo regyuleta ya 9, ile inayoshikilia volti zisicheze, itashikaje? Haishiki, na ndo unasikia mziki unakatika katika kwenye besi. Mzigo ukiwa mdogo, sauti chini, kila kitu kinaonekana sawa. Kwahiyo mteja akikwambia inaunguruma nikiongeza sauti, usipime ikiwa kimya.

Namna ya kuwatenganisha bila mashine kubwa: ukiwa umezima na umetoa chaji, bandika kapasita nzima ya saizi ileile sambamba na ya zamani ukizingatia chanya na hasi, washa. Mngurumo ukiisha, kapasita. Ukipungua kidogo tu na bado ni ule mnene, rudi kwenye briji, chomoa transfoma, pima moja moja. Na mara nyingine dayodi yenyewe haijakata, solda ya mguu wake ndo imepasuka kwa joto, utaona kaduara keusi kuzunguka mguu.

Dayodi mpya nzima, inapata moto mpaka inanuka

Hili ndo ningependa kila anayeanza kazi hii alielewe kuliko yote, mana mita haitakusaidia hata kidogo.

Chaja ya simu, adapta ya ving'amuzi, pawasaplai ya TV, zote hizi zinakata umeme vipande vipande mara makumi elfu kwa sekunde halafu dayodi ya upande wa kutokea inaunyoosha. Dayodi ya pale imeungua, fundi hana ya aina ile, kwenye kikopo kuna 1N4007 imejaa, anaweka. Inawaka! Dakika mbili tatu inanuka, volti zinashuka, mara nyingine inachukua na transista ya mbele.

Kinachotokea ni hivi. Dayodi ikiwa fowadi inajaa chaji ndani. Ukiigeuza ghafla kwenda rivasi haifungi palepale, inabidi zile chaji ziondoke kwanza, na muda huo wote inapitisha mkondo kinyumenyume kama waya. Kwenye umeme wa 50 kwa sekunde mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwahiyo 1N4007 kuchelewa mikrosekunde kadhaa hakuna anayejua. Ila kwenye saketi ya mara 100,000 kwa sekunde mzunguko mzima ni mikrosekunde 10. Dayodi inachukua sehemu kubwa ya muda wake ikiwa iko rivasi lakini haijafunga, volti zipo na mkondo upo kwa pamoja, na huo ndo moto unaousikia.

FR107 inafunga ndani ya nanosekunde 500, UF4007 ndani ya 75, na ile ndogo ya kioo 1N4148 ndani ya 4. Schottky yenyewe haina huo mrundikano wa chaji, ndo maana utaikuta upande wa volti 5 na 12. Kwahiyo volti na ampea hazitoshi kuchagulia, soma maandishi ya ile iliyoungua, ukiona FR, UF, HER, SR au SB mbele ya namba jua hapo 1N4007 haikai. Kama maandishi yameungua, angalia ilipo: iko baada ya transfoma ndogo ya feraiti? Weka ya kasi.

Kuna moto wa halali pia. Ampea 3 mara volti 0.9 ni wati 2.7, hiyo lazima iwe ya moto. Ukiweka Schottky 1N5822 kwa ampea zilezile inashuka kama 0.5 na moto ni kama nusu. Lakini hiyo inavumilia rivasi ya volti 40 tu, sasa mtu anaibandika kwenye saketi ambayo rivasi inafika 60 kwa sababu tu amesikia Schottky haipati moto. Ndo haitapata moto kweli, itapiga shoti kabla.

Asubuhi inafanya kazi, saa nane mchana inagoma

Joto la Dar unalijua, Februari chini ya bati kwenye kibanda kisicho na feni ndani ya boksi la pawasaplai unaongelea nyuzi 60, 70. Kumbuka mvujo wa rivasi kila nyuzi 10 mara mbili. Kutoka 30 hadi 70 ni mara mbili, mara mbili, mara mbili, mara mbili, jumla mara 16. Kwa 1N4007 ambayo kiwango chake cha juu kwa nyuzi 25 ni mikroampea 5, bado ni kidogo. Kwa Schottky ni habari nyingine, 1N5819 inaruhusiwa mpaka milliampea 1 kwenye volti zake 40 ikiwa nyuzi 25, na 10 ikifika nyuzi 100. Mvujo unaleta moto, moto unaongeza mvujo, na hiyo duara ikianza haisimami yenyewe.

Namna ya kumkamata huyu: chukua betri mbili za volti 12 za pikipiki, unga mfululizo upate 24, weka dayodi rivasi na rezista ya kilo-ohm 100 mfululizo, kisha pima volti juu ya rezista. Kila volti 0.1 unayosoma ni mikroampea 1 inayovuja. Silikoni nzima utaona karibu na sifuri. Sasa sogeza hita ya nywele au ncha ya solda karibu nayo bila kuigusa uangalie. Ikipanda taratibu na ikashuka ikipoa, kawaida. Ikiruka ghafla au ikicheza cheza juu chini, tupa. Schottky itaonyesha kitu hata ikiwa baridi, usishtuke, ilinganishe na mpya ya namba ileile.

Na kwa wenzetu wa Kigamboni na huku karibu na bahari, kabla hujailaumu dayodi safisha bodi kwa spiriti na brashi, kausha, pima tena. Chumvi na unyevu juu ya bodi vinavuja kuliko dayodi yoyote.

Sola: mchana haichaji, au usiku betri inashuka

Usiku inashuka bila mzigo: paneli gizani haizalishi, inageuka kuwa safu ya dayodi ambazo betri inaweza kuzisukuma mkondo. Dayodi ya kuzuia ndo iko pale ikae rivasi usiku. Ikipiga shoti betri inarudisha kwenye paneli. Kontrola nyingi zina kazi hiyo ndani yake tayari, kwahiyo usiongeze nyingine nje ukapoteza volti nusu bure.

Mchana haichaji ndo kesi tamu zaidi. Paneli ya seli 36 ikiwa haijaunganishwa na kitu kwenye jua inatakiwa itoe kama volti 21 au 22. Ukikuta 11 hivi, paneli safi, kioo kizima, fungua kile kiboksi cha nyuma. Mara nyingi mna dayodi mbili, kila moja imelala juu ya seli 18. Kazi yake ni kukaa rivasi jua likiwaka sawasawa, na kuingia fowadi pale tu seli zake zikipata kivuli, ili mkondo wa zile zingine upite pembeni. Moja ikipiga shoti nusu nzima ya paneli imefungwa, unabaki na nusu ya volti, na volti 11 haichaji betri ya 12 hata jua liwake namna gani. Watu wanatupa paneli kwa hili! Ifunike paneli na blanketi zito kwanza, mana ikiona mwanga mita yako itasoma upuuzi, chomoa waya zake, pima dayodi. Badilisha na Schottky ya ampea zilezile au zaidi.

Ikikata badala ya kupiga shoti huoni dalili yoyote kwenye jua. Siku mwembe wa jirani ukitupa kivuli kwenye kona, seli zenye kivuli zinasukumwa rivasi na wenzao, zinapata moto, na baada ya muda unaona doa la kahawia kwenye paneli. Ukiona doa hilo fungua kiboksi.

Zener: volti sizo

Unataka 5.1 unapata 0.7: umeigeuza, iko fowadi, na hapo Zener ni dayodi kama zingine. Unapata zaidi ya 5.1: imekata au mguu haujashika. Unapata 3.8 au 4.5, hapa ndo wengi wanabadilisha Zener tatu mfululizo wakati nzima. Zener inashika volti zake pale tu mkondo wa kutosha unaifikia kwenye rivasi. Mzigo ukinywa mkondo wote Zener inalala.

Chukua mfano wa bajaji, unataka 5.1 kutoka 12 kwa mzigo wa milliampea 30 na unataka 10 zibaki kwa Zener. 12 toa 5.1 ni 6.9, gawa kwa 0.04, ni kama ohm 172. Chukua 150. Sasa injini ikiwaka chaji inapanda mpaka 14.4, mkondo unakuwa 9.3 gawa kwa 150, milliampea 62, na mzigo ukichomolewa zote zinaenda kwa Zener: karibu wati 0.32. Zener ya wati 1 kama 1N4733A inakaa vizuri, ile ya nusu wati itaishi kwa shida kwenye joto. Rezista nayo inakula karibu wati 0.6, weka ya wati 1.

Transista ya relei inakufa kila mara

Angalia dayodi iliyolala juu ya koili ya relei, ile swichi inayovutwa na koili. Ipo? Imeelekea wapi? Mstari unatakiwa uangalie chanya. Relei ikiwa imewashwa dayodi iko rivasi, imetulia. Ukizima, koili haikubali mkondo wake ukatike ghafla, inageuza volti, na sekunde ileile dayodi inaingia fowadi na kuuzungusha mkondo mpaka uishe. Isipokuwepo au ikiwa imekata, volti zinapanda mpaka zimpige transista. Ikiwa imegeuzwa, transista akiwaka tu anakutana na dayodi iliyo fowadi moja kwa moja toka chanya, ni shoti tupu. Kwahiyo transista akifa pale wakati wa kuwasha, dayodi imegeuzwa au ina shoti, akifa wakati wa kuzima, haipo au imekata.

Umenunua mpya, ipime kabla hujaisolda

Kariakoo utapata dayodi nzuri na utapata zenye maandishi ya 1N4007 ambazo ndani kipande cha silikoni ni kidogo mno. Mode ya dayodi haitazitofautisha, milliampea 1 kila mtu anabeba. Chukua betri ya 12, balbu ya indiketa ya pikipiki ya wati 10, na dayodi fowadi mfululizo. Hapo unapitisha kama ampea 0.8. Subiri dakika moja hivi, kisha pima volti juu ya dayodi yenyewe, mguu kwa mguu. Ukisoma 0.8 hadi 0.95, safi, na utaona inashuka kidogo kadri inavyopata moto, kama milivolti 2 kwa kila nyuzi, ni tabia yake. Ukisoma zaidi ya 1.1 irudishe dukani. Halafu ile betri ya pili si unayo, geuza dayodi upime na mvujo kwa zile 24.